Safari ya Endiinzi kwa Noah Isiyozimwa

Mtu wa Bukoba akiaga kwamba anakwenda Uganda, majirani hudhani ni Kampala. Safari yangu ya kwanza ya kuvuka mpaka kwa shughuli zangu mwenyewe ilikuwa ya Endiinzi, mji mdogo wa wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa nchi ile. Binamu yangu aliolewa huko na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mama alinikabidhi kitenge, kahawa ya kutafuna na kopo la senene, akaniambia nisirudi bila picha ya mjukuu. Ningeweza kupita Karagwe hadi Murongo, nikavuka Mto Kagera na kutokea Kikagati. Nilichagua njia ya Mutukula na Masaka kwa sababu nilitaka kulala Mbarara, mji ambao wazee wetu huutaja kila wanaposimulia vita vya nchi zetu mbili vya mwaka 1979.

Mbarara umekua. Tangu Julai 2020 ni jiji kamili kwa sheria za Uganda, na sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu inamwambia mgeni mapema kwamba hapa heshima ya mtu ilipimwa zizini kabla ya benki kuja. Mto Rwizi unakatiza mjini kwa upole, ukielekea kwenye maziwa ya mashariki. Asubuhi nilikula katogo, matoke yaliyopikwa pamoja na utumbo, kisha nikaenda kutafuta gari.

Nilipata Toyota Noah, ile ya zamani ambayo injini yake imelala chini ya viti vya mbele. Ilikuwa inanguruma hapo stendi bila kwenda popote. Abiria tulikuwa wachache, na kwa desturi ya magari ya abiria tulijua kwamba hatuondoki mpaka lijae. Nikamwambia dereva kwa Kihaya, ambacho Mnyankole hukielewa bila taabu, kwamba anachoma mafuta bure.

"Ssebo, gari hili halizimwi," akanijibu. "Likizimwa likiwa na moto, tunalala njiani."

Akanieleza. Alfajiri huwaka kwa mguso mmoja tu wa ufunguo. Likishatembea nusu saa, ukilizima halikubali tena. Unageuza ufunguo, unasikia "tek" moja, basi. Ukiliacha lipoe, baada ya saa moja au zaidi linawaka kana kwamba halijawahi kugoma. Kwa hiyo mafuta hujaza alfajiri tu, injini ikiwa ya baridi, na mchana kutwa hagusi swichi. Injini ya ukubwa ule ikinguruma bila kwenda inaweza kunywa karibu lita moja kwa saa, na yeye alikuwa ameshazoea kuilipa lita hiyo kama kodi. Gereji moja ilimuuzia betri mpya. Nyingine ilimfungia stata, ya mtumba lakini nzima. Ugonjwa ukabaki vilevile.

Nilipouliza kwa nini abiria wasisukume, alicheka. Gia zake ni za otomatiki. Gari la gia za mkono ukilisukuma, magurudumu huizungusha injini ikawaka; la otomatiki ukilisukuma magurudumu hayaizungushi injini, unachoka tu. Zamani malori yalikuwa na handeli mbele, na utingo mwenye mabega mapana alikuwa na thamani yake. Tangu Cadillac walipofunga stata ya umeme ya Charles Kettering kwenye magari yao ya mwaka 1912, handeli ilianza kuondoka duniani. Siku stata inapogoma, dereva hana wa kumwita.

Gari lilijaa. Nyuma yangu alikaa mama wa Kirundi mwenye dumu la mawese, pembeni yake vijana wawili Wakongo waliokuwa wamefuata bidhaa za duka. Tulishika barabara ya Kikagati, lami nzuri inayopanda na kushuka vilima vilivyofunikwa migomba. Isingiro ni nchi ya matoke. Kila penye kibanda cha barabarani mikungu imepangwa chini, na Fuso zinapakia zikielekea mijini. Tulipita Kaberebere, na baadaye tukaiacha lami tukashika murramu. Vumbi jekundu likaingia hata madirisha yalipofungwa, na joto la injini likapanda kupitia sakafuni. Mimi niliyekaa mbele nilihisi kiti kinanichemsha. Gari la namna hii humpikia abiria safari nzima, na stata nayo iko humo humo jikoni.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale hayana lango la kambi kama nilivyodhani. Unaingia bila kujua kwamba umeingia: mashamba ya mahindi na maharage, nyumba za udongo, nyingine zimeezekwa maturubai, shule, makanisa, msikiti, kisha maduka mfululizo. Makazi haya yalianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia machafuko ya kwao, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo kuna zaidi ya watu laki moja na nusu: Wakongo wengi, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Eneo la Base Camp lina mtaa wa Wakongo, mtaa wa Wasomali, na mtaa uitwao Kigali. Tangu Nakivale ilipoanza kuonekana, ndani ya gari Kinyankole kilipungua na Kiswahili kikashika usukani.

Hatukuwa mbali na Base Camp tulipokutana na ng'ombe. Kundi la pembe ndefu lilikata barabara bila haraka, mchungaji nyuma yao akiwa na fimbo mabegani. Dereva akakanyaga breki ghafla. Injini ikatetemeka, ikakohoa, ikazima.

Kimya kikatanda garini. Dereva akarudisha gia kwenye P, akageuza ufunguo. Tek. Akageuza tena. Tek. Mama wa dumu akasema kwa sauti ya mtu aliyeyaona haya zamani: "Tushuke, watoto wangu, tutafute kivuli."

Dereva alikuwa na taratibu zake. Kwanza alitaka kuchukua spana kubwa akagonge stata. Kugonga husaidia mara nyingine, pale brashi za kaboni zinapokuwa zimeisha au vipande vya shaba vya kugusanisha umeme ndani ya solenoidi vimeliwa; mtikisiko hugusanisha chuma na chuma kwa mara moja zaidi. Hakuponyi, kunaahirisha tu. Pili alichukua chupa ya maji ili aimwagie stata. Mmoja wa wale vijana Wakongo akamshika mkono.

"Hapana, papa. Ukimwaga maji utapasua kitu, na fundi ataona nini? Kuna fundi wetu hapa, mutu wa Uvira. Acha nimuite."

Akapiga simu. Wengine tulishauri gari lipoe, safari iendelee jioni. Yule fundi, nilisikia sauti yake kwenye simu, alijibu kwa ukali kidogo: "Musiache ipoe! Mukifungua milango ipate upepo, mumeniharibia kazi. Nakuja na boda."

Hapo nilivutiwa. Kila fundi niliyewahi kumjua alitaka gari lipoe kwanza. Huyu alitaka lile joto.

Alifika akiwa na mkoba wa turubai, mwanamume wa makamo, mikono myeusi ya grisi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea nchini, ndiyo maana mtu aliyekimbia Kivu anaweza kuwa na gereji yake chini ya mwembe na wateja hadi Mbarara. Alimsalimia dereva kwa mikono miwili, akamwita papa, akauliza historia ya ugonjwa kama mganga: linagoma lini, limetembea muda gani, taa zinafifia au hazififii. Dereva alijua Kiswahili cha kununulia mafuta tu, naye fundi hakujua Kinyankole. Kazi ya mkalimani ikaniangukia mimi, na hivyo ndivyo nilivyopata kusimama karibu.

Jambo la kwanza alimwambia dereva awashe taa kubwa, kisha ageuze ufunguo. Tek. Taa hazikufifia hata kidogo. "Muone," akasema. "Kama batri iko mbovu, ao demarere imekamata ndani kwa sababu ya moto, taa zingezimika nusu." Demarere kwao ni stata. Stata ya gari dogo la petroli hula ampea mia moja hadi mia mbili inapozungusha injini, na mzigo huo hauwezi kuvutwa bila taa kuonyesha. Taa zikibaki angavu maana yake umeme mkubwa haujaenda kokote. Kipimo hicho hakihitaji chombo chochote, na mwenye gari yeyote anaweza kukifanya mwenyewe, hata usiku.

Kisha akanyanyua kiti cha mbele. Joto lilitupiga usoni. Hapo ndipo alipotueleza kwa nini gari lililozimwa huzidi kupata moto kabla halijapoa: injini inapotembea, maji yanazunguka na feni inapuliza, ikizimwa, vyote vinasimama, lakini chuma bado kina moto wake, na moto huo unahamia kwenye kila kilicho jirani. Dakika kumi na tano, ishirini, hata nusu saa baada ya kuzima, stata inaweza kuwa na joto kuliko ilivyokuwa barabarani. Ndiyo sababu dereva anayesimama kununua ndizi kwa dakika mbili anaweza kuwasha na kuondoka, na yule aliyesimama kunywa chai akakwama.

Akatoa mita. Betri: volti 12.5 ikiwa imetulia. Ufunguo ulipogeuzwa: 12.3. "Batri hii haina kosa," akasema, nami nikatafsiri, na dereva akatikisa kichwa akikumbuka pesa zake. Baada ya hapo akashusha ncha ya mita hadi kwenye stata, kwenye ule waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo na kuamsha solenoidi. Dereva akageuza. Mita ikasoma 7.8.

Fundi alitulia akituangalia, akisubiri tuelewe wenyewe. Betrini kuna zaidi ya volti kumi na mbili. Kwenye waya wa solenoidi zimefika chini ya nane. Volti nne na zaidi zimepotelea njiani.

Ili kuwa na hakika, alichukua kipande cha waya mnene chenye vibanio kila upande. Alikagua kwa macho yake mwenyewe kwamba gia iko P, akavuta breki ya mkono, akatuambia tusogee mbali na magurudumu, akamwambia dereva aache swichi kwenye ON asiguse kingine. Kisha akaunganisha kwa sekunde moja ncha nene ya stata, ile inayotoka moja kwa moja betrini, na ile ncha nyembamba. Stata ikavuma kwa nguvu, injini ikawaka. Abiria waliokuwa chini ya mti wakapiga makofi. Wapo wanaofanya jambo hili kwa bisibisi; cheche huwaunguza, na gari lililoachwa ndani ya gia humkanyaga fundi wake mwenyewe.

Akaizima tena kwa makusudi, dereva akashika kichwa. Fundi akarudia, safari hii mita ikiwa kati ya ncha hasi ya betri na chuma cha injini wakati stata inazunguka. Mita ikasoma sehemu ndogo ya volti moja. Njia ya kurudishia umeme ilikuwa safi. Ingesoma volti nzima au zaidi, angeanza na waya wa hasi na kutu yake. Stata nzima, betri nzima, hasi nzima. Kosa lilikuwa kwenye njia ya ufunguo.

Sasa swali lilikuwa langu: kama waya unapoteza volti nne kila siku, mbona asubuhi gari linawaka? Alinijibu kwa kidole, akigusa solenoidi na kukiondoa upesi. Humo ndani kuna nyuzi za shaba zilizozungushwa mara nyingi, na zikipata umeme hugeuka sumaku inayovuta chuma, inasukuma gia ya stata na kugusanisha umeme mkubwa. Shaba ikipata moto huukataa umeme zaidi. Hesabu yake iko vitabuni: kila nyuzijoto moja ya Selsiasi inapopanda, ukinzani wa shaba huongezeka karibu asilimia 0.4. Kutoka nyuzi 20 za alfajiri hadi nyuzi 100 chini ya kiti, ukinzani unapanda karibu theluthi moja, na umeme unaopita kwa volti zile zile unapungua karibu robo. Nguvu ya sumaku hupungua zaidi ya hapo. Kwa hiyo volti 7.8 zinazotosha kwa shida asubuhi hazitoshi mchana. Ile tek ni chuma kinachojaribu kujivuta na kushindwa kufika mwisho.

Ugonjwa ulikuwepo asubuhi pia. Joto lilikuja kuuonyesha tu.

Akafuata waya kinyumenyume. Ndani ya swichi ya ufunguo umeme uliingia mzima na kutoka umepungua. Plastiki yake ilikuwa imegeuka kahawia kwa kuungua kidogo kidogo. Kiunganishi kingine, kwenye swichi inayozuia gari kuwaka likiwa ndani ya gia, kilikuwa na kutu ya kijani. Hakuwa na swichi mpya. Alikuwa na rilei yenye miguu minne na waya wa kutosha.

Kazi yenyewe niliitazama kwa karibu. Mguu wa 86 aliuunga na ule waya dhaifu wa ufunguo, wa 85 akaufunga kwenye bodi. Mguu wa 30 ulipata waya mnene kutoka betrini kupitia fyuzi, na wa 87 ukaenda kwenye ncha ndogo ya stata. Rilei inahitaji sehemu ndogo tu ya ampea kujiamsha, hivyo hata ufunguo mchovu unaimudu. Ampea kumi, ishirini, thelathini za kuamsha solenoidi sasa zinatoka betrini bila kupita kwenye plastiki iliyoungua. Alisugua kile kiunganishi chenye kutu kwa msasa, akazungushia waya mpya bomba la kuukinga na moto, akaufunga mbali na bomba la moshi. Mita tena, injini bado ikiwa na moto: 11.9 kwenye solenoidi. Dereva akageuza ufunguo mwenyewe. Likawaka.

Malipo hayakufika nusu ya bei ya ile betri aliyouziwa. Fundi alimwonya: swichi ya ufunguo itafutwe Mbarara, rilei isiwe kisingizio, na bati dogo la kukinga joto, lile ambalo mafundi wengi hulifungua na kulisahau, lirudishwe kati ya stata na bomba la moshi. Dereva aliyasikiliza yote kupitia mdomo wangu, kisha akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Asante sana, fundi."

Tulimshusha mama wa dumu Base Camp, vijana wakashukia penye maduka ya Wakongo, mahali samaki wa kukaanga na vitenge vinauzwa meza moja. Wasomali wawili wakapanda. Ziwa Nakivale likaonekana upande mmoja, tambarare na lenye matete, kisha barabara ikapanda tena kwenye migomba. Endiinzi tuliikuta jioni ikiwa na pilika: wachuuzi wanakunja turubai, boda boda zimepanga mstari, watoto wanarudi na madumu ya maji. Dereva alisimama katikati ya mji, akaizima Noah mbele ya watu wote, akashuka kunywa chai. Chai ilipokwisha, gari likawaka kwa ufunguo mmoja.

Nilimkuta binamu mzima, mtoto mzima, senene wakaliwa kabla sijaketi. Mume wake naye ana pikapu, na alipokuwa akinikaribisha alinilalamikia kwamba inagoma kuwaka mchana, na kwamba ameshaambiwa anunue betri. Nikamwambia asinunue kitu. Kesho yake tuliitembeza hadi ikapata moto, tukawasha taa kubwa na kugeuza ufunguo. Taa zake zilizimika nusu, na stata ikajizungusha kwa kuvuta miguu. Huo ni ugonjwa mwingine: betri dhaifu, waya wenye kutu, au bushi za stata zilizoisha kiasi kwamba rota inasugua ikipata joto. Alipokaza na kusafisha vichwa vya betri, ikazunguka vizuri zaidi. Kilichobaki nilimwelekeza kwa yule fundi wa Uvira.

Kwa msomaji mwenye gari lenye tabia hii, neno langu ni fupi. Usikubali kuuziwa betri wala stata kabla hujaona namba kwenye mita, na namba hizo zichukuliwe injini ikiwa ya moto, saa ile ile inapogoma: betrini, kwenye waya mdogo wa solenoidi, na kwenye hasi stata inapozunguka. Fundi anayelisubiri gari lipoe ndipo alipime atakuta gari zima, na utamlipa kwa kubadilisha kitu kisichokuwa na kosa.